Sahihi iliyomwangusha Buster Keaton

Kiswahili kilimpenda Charlie Chaplin. Neno chale, kwa maana ya mchekeshaji, wengi hulihusisha na jina lake. Mwenzake wa zama zile zile, Buster Keaton, hakuacha neno lolote kwetu, na hata kwao Marekani ilipita miaka mingi akitajwa kama mtu wa kale ilhali yu hai na anakwenda kazini kila asubuhi. Maelezo ya anguko lake yamezoeleka: sinema ilianza kusema, na bwana aliyezoea kuchekesha bila kufungua mdomo akakosa pa kusimama. Maelezo haya ni mepesi kukumbuka, na labda ndiyo sababu hakuna anayejisumbua kuyapima. Ukiziweka tarehe na hesabu mezani hayasimami. Kilichomwangusha Keaton ni karatasi aliyoitia sahihi mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 32, sauti ikiwa haijampata na pombe ikiwa haijamshinda.

Ili kuona karatasi ile ilimnyang'anya nini, lazima kwanza tuelewe kituko chake kilitengenezwaje. Alizaliwa Oktoba 4, 1895, katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, wazazi wake Joe na Myra wakiwa safarini na kundi la maonyesho. Kabla hajatimiza miaka sita alikuwa tayari sehemu ya onyesho la familia, na kazi yake ilikuwa kurushwa. Baba alimtupa kwenye mapazia, kwenye mandhari ya jukwaa, mara nyingine hadi shimoni kwa wapiga muziki. Nguo yake ilishonewa mpini wa sanduku mgongoni ili ashikike vyema. Watetezi wa watoto jijini New York waliwaandama wazazi, na mtoto akakaguliwa mwili kutafutwa michubuko. Msomaji wa leo atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Lakini mtoto yule alikuwa akipiga hesabu. Aligundua kwamba akitabasamu baada ya kuanguka, watu hucheka kidogo. Akikaza uso kana kwamba hakuna lililotokea, ukumbi mzima huangua kicheko. Uso ule wa jiwe, ambao baadaye watu waliudhania ugonjwa au majivuno, ulikuwa kanuni ya kazi iliyogunduliwa na mtu ambaye hajaota ndevu. Na onyesho la familia lilipovunjika mwaka 1917, lilivunjika kwa sababu baba alikuwa amezama kwenye pombe, nayo kazi ya kudaka mtu hewani inataka mikono isiyotetemeka. Keaton alijua tangu utotoni kwamba kicheko chake kinategemea vipimo, na kipimo kikikosewa mtu huvunjika.

Mwaka huo huo alikuwa na nafasi ya jukwaani New York yenye mshahara wa dola 250 kwa wiki. Akaiacha, akaenda kufanya filamu na Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mnene aliyekuwa akitamba wakati ule, kwa dola 40. Mtu anayeshuka kutoka 250 hadi 40 kwa hiari yake hafuati fedha. Alifuata mashine. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika siku zake za mwanzo aliomba kamera, akaifungua vipande vipande ili ajue inavyofanya kazi, kisha akaiunga upya. Mwaka 1920 akapewa studio ya kufanyia kazi, ambayo zamani ilitumiwa na Chaplin, na hapo ndipo miaka minane ya ajabu ilipoanza: filamu fupi 19, kisha ndefu 10, kuanzia Three Ages ya 1923 hadi Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Hawakufanya kazi kwa mswada. Keaton na watu wake, akina Clyde Bruckman, Jean Havez na fundi Fred Gabourie, walihitaji mwanzo mzuri na mwisho mzuri. Katikati waliamini kutajileta kwenyewe. Wakikwama walitoka nje kucheza besiboli mpaka mmoja wao apate wazo. Kwa mhasibu huu ni uzembe wa mchana kweupe.

Haukuwa uzembe. Katika Sherlock Jr. ya 1924, mwendesha mashine wa jumba la sinema analala, anaota, anaingia ndani ya filamu inayoonyeshwa, na mandhari yanabadilika ghafla huku yeye amesimama pale pale: bustani inakuwa barabara, jangwa linakuwa bahari. Ili asionekane ameruka hata unyoya, walipima umbali wake na kamera kwa vifaa vya wapima ardhi. Katika filamu hiyo hiyo alimwagikiwa na maji ya tangi la reli kwa nguvu iliyomwangusha kwenye chuma. Miaka mingi baadaye daktari alimwonyesha kwenye picha ya eksirei kwamba siku ile alivunjika shingo. Katika Steamboat Bill, Jr. ukuta mzima wa nyumba, wenye uzito wa takriban tani mbili, unamwangukia, naye anapona kwa sababu amesimama sawasawa mahali ambapo dirisha la juu litapita. Nafasi ilikuwa ya inchi chache kila upande. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wafanyakazi waligeuza nyuso zao wasione. Na katika The General, iliyopigwa mwaka 1926 huko Cottage Grove, jimbo la Oregon, treni halisi inaporomoka mtoni pamoja na daraja linaloungua, mara moja tu, kwa gharama inayotajwa kuwa dola 42,000. Watu huita mambo haya wazimu. Mimi naona uhandisi. Mwenda wazimu hajali ukuta utaangukia wapi.

Uhandisi wa namna hiyo una sharti moja: anayesimama chini ya ukuta lazima awe ndiye anayeamua ukuta uangushwe lini, kamera ikae wapi, na nani ashike kamba. Huwezi kumtenganisha mchekeshaji wa aina ya Keaton na mamlaka ya kupanga kazi yake kama unavyoweza kumtenganisha mwimbaji na mpiga gitaa. Ukimwachia mwili wake na uso wake, ukamnyang'anya mamlaka hayo, unabaki na mtu anayeanguka tu.

Hapa ndipo daftari linapoingia. Kampuni iliyobeba jina lake, Buster Keaton Productions, haikuwa yake. Ilimilikiwa na mtayarishaji Joseph Schenck na wenzake. Keaton alilipwa dola 1,000 kwa wiki na asilimia 25 ya faida. Schenck alikuwa amemwoa Norma Talmadge, nyota mkubwa wa sinema, na mwaka 1921 Keaton akamwoa Natalie, ndugu yake Norma. Wakawa wanyumba. Kwa hiyo biashara ya Keaton ilikuwa ndani ya ukoo, na mambo ya ukoo, kila mtu anajua, hayaandikwi sana. Schenck hakuwa mwizi; nataka hilo lieleweke. Alimpa Keaton uhuru ambao wasanii wachache waliwahi kuupata, na kwa miaka minane hakumwingilia kwa kiasi cha kuharibu kazi. Tatizo ni kwamba uhuru ule ulikuwa hisani, na hisani haina hati. Wenzake wawili wakubwa walijipanga vingine. Chaplin aliunda United Artists mwaka 1919 pamoja na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, akawa na studio yake na filamu zake. Harold Lloyd, yule mwenye miwani aliyening'inia kwenye saa ya ghorofa, alimiliki zake pia. Wahenga walikwishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na Keaton alikuwa mchekeshaji pekee kati ya watatu hao asiye na daftari.

Mwaka 1928 Schenck aliamua kufunga studio ile na kumshauri Keaton ahamie Metro-Goldwyn-Mayer, mojawapo ya kampuni kubwa za sinema, ambayo kampuni mama yake iliongozwa na Nicholas Schenck, ndugu yake Joseph. Ukoo tena. Chaplin na Lloyd, kwa masimulizi ya Keaton mwenyewe, walimwonya asiende. Mshahara ulikuwa dola 3,000 kwa wiki. Akatia sahihi, na katika uzee wake aliuita uamuzi huo kosa kubwa kuliko yote aliyoyafanya maishani. Filamu ya kwanza, The Cameraman, ilitoka nzuri, na wapo wanaoitumia kuthibitisha kwamba kampuni haikuwa na ubaya. Lakini tazama ilivyotokea. Walipelekwa New York na mswada uliosheheni mambo. Barabarani watu wakamtambua, wakamzonga, kazi ikashindikana, na Keaton akapata ruhusa ya kuiweka kando sehemu kubwa ya mswada ule na kubuni kama zamani. Iliyo nzuri katika The Cameraman ni ile sehemu ambayo mkataba ulisahauliwa kwa muda. Baada ya hapo haukusahauliwa tena. Kikosi chake kilitawanywa, kila fundi akapangiwa filamu nyingine.

Sasa twende kwenye hoja ya sauti, maana ndiyo mhimili wa hadithi iliyozoeleka. Keaton hakuiogopa sauti. Filamu iliyofuata, Spite Marriage ya 1929, aliomba yeye mwenyewe itengenezwe na sauti, kampuni ikakataa. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza kidogo, inayolingana kabisa na uso ule. Zaidi ya hayo, filamu zake za sauti kama Free and Easy ya 1930 ziliingiza fedha nzuri, tena kuliko nyingi kati ya zile tunazoziita kazi bora. Enzi hizo kampuni zilitengeneza filamu moja kwa lugha kadhaa, na Keaton alikariri maneno ya Kihispania, Kifaransa na Kijerumani akayasema mbele ya kamera. Mtu aliyeshindwa na sauti hapewi kazi ya kusema kwa lugha nne. Kilichobadilika ni mhusika. Zamani Keaton alikuwa mtu mdogo anayepambana na mambo makubwa, treni, tufani, jeshi zima, na kuyashinda kwa akili na mikono. Ofisi ikamfanya bwege wa kuhurumiwa, anayejikwaa kwa sababu hajui kutembea. Kuanzia 1932 wakamfunga nira moja na Jimmy Durante, mchekeshaji asiyenyamaza. Kumweka Keaton karibu na mtu anayebwabwaja bila kituo ni sawa na kuwasha redio msikitini. Watazamaji walikuja, fedha ikaingia, na hilo ndilo lililomfunga mdomo, kwani nani angemsikiliza msanii anayelalamika kwamba filamu yake inayouzika ni mbaya?

Hoja ya pili ni pombe, na hii ina uzito. Keaton alikunywa, tena sana. Alikuwa na mfano wa baba yake mbele ya macho na bado akaifuata njia ile. Alishindwa kufika kazini, ndoa yake ikavunjika mwaka 1932, jumba lake la Beverly Hills likaenda kwa mkewe, na wanawe wawili wakabadilishwa jina la ukoo wakawa Talmadge. Februari 1933 kampuni ikamfukuza. Sitaki kumsafisha, mwajiri yeyote angechoka. Lakini kama pombe ndiyo iliyomwondolea sanaa yake, basi kuiacha kungemrudishia. Katikati ya miaka ya 1930 alijivuta akasimama kwa miguu yake, na mwaka 1937 akarudi Metro-Goldwyn-Mayer akiwa na akili timamu. Walimrudisha kama mtunzi wa vichekesho vya wengine, kwa dola 100 kwa wiki. Huyu ni mtu aliyelipwa 3,000 na kampuni hiyo hiyo miaka minne tu nyuma. Alisaidia filamu za wachekeshaji Marx Brothers, kisha za mchekeshaji Red Skelton. Na hapa hati ya umiliki inaonyesha meno: kampuni ilikuwa na haki ya Spite Marriage na The Cameraman, ikazitengeneza upya zikiwa na Skelton mahali pa Keaton, ya kwanza mwaka 1943, ya pili mwaka 1950. Mwenye kazi yupo, mzima, amekaa chumba cha pili, anafundisha mtu mwingine kufanya kazi yake. Aliomba apewe kikosi kidogo yeye na Skelton watengeneze filamu kwa njia ya zamani, akakataliwa. Pombe haikuhusika na jibu hilo.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi, nayo ni ya mhasibu. The General iligharimu takriban dola 750,000, wahakiki wengi wa wakati ule waliiponda, na haikurudisha fedha nyumbani kama ilivyotarajiwa. Lazima awepo mtu wa kushika mfuko, au sivyo kila msanii atataka kutumbukiza treni mtoni. Nakubali. Ila kushika mfuko ni jambo moja, na kushika kalamu ya kuamua kichekesho kiweje ni jingine. Ushahidi upo ndani ya Steamboat Bill, Jr. yenyewe. Keaton alipanga filamu imalizike kwa mafuriko. Mwaka 1927 mto Mississippi ulikuwa umefurika na kuua watu, ofisi ikasema mafuriko hayachekeshi. Ofisi ilikuwa na haki. Keaton hakususa, akageuza mafuriko kuwa tufani, na kutokana na tufani hiyo ukapatikana ule ukuta unaoanguka, tukio linalojulikana kuliko yote katika maisha yake. Alipewa mpaka, akaachiwa njia. Metro-Goldwyn-Mayer walimpa fedha zaidi na hawakumwachia njia. Mhasibu anayetaka kujifunza kitu kwenye maisha ya Keaton aanzie hapo badala ya kuanzia kwenye hasara ya The General. Hasara yenyewe ilikuwa ya muda: mwaka 1989 filamu hiyo iliwekwa kwenye kundi la kwanza la filamu 25 zilizochaguliwa na Marekani zihifadhiwe kama urithi wa taifa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza kisa hiki kinamhusu nini. Mwaka 2018, Amri Athumani, ambaye Afrika Mashariki nzima ilimwita Mzee Majuto, alipokuwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo lilifika hadi mezani kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa Tanzania, na ikaundwa kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti mwaka huo. Sidai kwamba visa viwili ni kimoja. Keaton alijua kiasi alichokubali kulipwa na alilipwa. Ninachosema ni kwamba tunapenda kuyaeleza maanguko ya wachekeshaji kwa tabia zao, ulevi, uvivu, vituko vilivyozidi, kwa sababu tabia ni rahisi kusimulia kuliko kifungu cha mkataba. Hakuna anayecheka wala kulia akisoma kifungu.

Keaton alipata jioni nzuri kuliko alivyotazamia. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza dansi kijana, na ndoa hiyo ikadumu. Mwaka 1947 alifanya maonyesho katika sarakasi ya Medrano mjini Paris, mbele ya watu waliomheshimu kuliko wa nyumbani. Mwaka 1949 mhakiki James Agee aliandika katika jarida la Life makala iliyowakumbusha Wamarekani kwamba bwana huyu yupo. Mwaka 1952 alikaa kwenye piano mbele ya Chaplin katika Limelight. Mwigizaji James Mason, aliyekuja kulinunua lile jumba la Beverly Hills, akakuta humo nakala za filamu zilizosahauliwa. Mwaka 1960 Keaton akapewa Oscar ya heshima, na Septemba 1965, kwenye tamasha la filamu la Venice alikokwenda na Film, kazi iliyoandikwa na Samuel Beckett, ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Alifariki Februari 1, 1966, akiwa na miaka 70.

Sheria ya Marekani huziachia kazi za zama zile baada ya miaka 95. Tangu Januari 2024, filamu zote 10 ndefu alizozitengeneza kwenye studio yake, pamoja na The Cameraman, ni mali ya umma huko. Anayetaka kuzionyesha, kuzinakili au kuziuza hahitaji sahihi ya mtu.